Waitalia walionyongwa Marekani: hasira za wananchi au kazi ya wakubwa?

SWALI: Nafundisha historia sekondari, Morogoro. Nilipogusia darasani kwamba mwaka 1891 umati uliwaua Waitalia 11 huko New Orleans, Marekani, mwanafunzi mmoja akasema, "Si kama mwizi anavyochomwa mtaani kwetu? Wananchi walichoka tu." Mwingine akadakia, "Kwani Waitalia si Wazungu? Mzungu ananyongwaje na Wazungu wenzake?" Vitabu vinasema mauaji hayo yalikuwa njia ya ukandamizaji. Alikuwa anakandamizwa nani hasa, na aliyefaidika ni nani?

JIBU: Mwalimu, huyo wa kwanza usimpuuze, maana alichosema ndicho walichosema wauaji wenyewe: mahakama imeshindwa, wananchi wamechoka, basi wakaamua. Hasira ilikuwapo, sikatai. Ila hasira ya ghafla haina muda wa kupeleka tangazo gazetini.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1891, magazeti ya New Orleans yalitoka na wito kwa "wananchi wema" wakutane saa nne kwenye sanamu ya Henry Clay, barabara ya Canal, kusahihisha kile kilichoitwa kushindwa kwa haki katika kesi ya mauaji ya mkuu wa polisi, Hennessy. Waliambiwa waje wakiwa tayari kwa vitendo. Chini ya wito yalikuwapo majina 61, na hayakuwa ya wahuni wa vijiweni. Walikuwa mawakili, wafanyabiashara, wahariri na wanasiasa. Aliyesimama kuhutubia wa kwanza, William Parkerson, alikuwa wakili na ndiye aliyemfanyia kampeni meya aliyekuwa madarakani. Mwizi anapopigwa mtaani kwetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hatoi tangazo siku hiyo asubuhi na kutia saini. Hapo ndipo mfano wa mwanafunzi wako unapokatika.

Nirudi nyuma kidogo. Mkuu wa polisi wa jiji, David Hennessy, alipigwa risasi usiku wa tarehe 15 Oktoba 1890 akirudi nyumbani, akafa siku iliyofuata. Alikuwa na fahamu kwa saa kadhaa hospitalini na hakumtaja mtu yeyote kwa jina. Rafiki yake mmoja alidai kwamba Hennessy alimnong'oneza neno moja tu, lile tusi ambalo Wamarekani walilitumia kuwaita Waitalia. Kwa neno hilo meya Joseph Shakspeare akaamuru polisi wapekue mitaa na kumkamata kila Mwitalia watakayekutana naye. Mamia wakasombwa. Meya akaunda na kamati ya watu 50 kushughulikia jambo hilo, nje ya polisi na nje ya mahakama. Mwishowe watu 19 wakashtakiwa, na 9 wakapandishwa kizimbani kwanza.

Tarehe 13 Machi jopo la waamuzi likatoa uamuzi: sita hawana hatia, na kwa watatu waliobaki jopo halikuafikiana. Hata hao sita hawakuachiwa usiku ule. Walirudishwa gerezani kwa sababu palikuwa na shtaka jingine ambalo halijafutwa. Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 14 wote walikuwa humo ndani, na mji mzima ulijua.

Maelfu ya watu walijaa Canal. Baada ya hotuba wakaelekea gerezani, wakiongozwa na kikosi kidogo kilichobeba bunduki zilizoandaliwa mapema. Mkuu wa gereza alipoona mambo yameharibika aliwafungulia Waitalia milango ya seli wajifiche popote watakapoweza. Lango kuu lilikuwa gumu, basi wakavunja mlango wa pembeni. Walioingia ndani ni wachache waliochaguliwa, umati ukabaki nje ukishangilia. Tisa waliuawa kwa risasi humo humo. Wawili walitolewa nje ili umati uone: Emmanuele Polizzi, mtu ambaye akili zake zilikuwa zimeonyesha kuyumba tangu mahakamani, akaning'inizwa kwenye nguzo ya taa, na Antonio Bagnetto kwenye mti.

Waambie wanafunzi wahesabu. Katika hao 11, watatu walikuwa wamekutwa hawana hatia siku moja kabla. Watatu ni wale ambao jopo halikuafikiana juu yao. Watano kesi yao ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Kama lengo lilikuwa kuwaadhibu waliomuua Hennessy, hao watano wanaingiaje?

Wanaingia ukitazama kila mmoja alikuwa na nini mkononi. Joseph Macheca hakuwa mhamiaji, alizaliwa Louisiana. Familia yake ilikuwa na meli za kuleta matunda kutoka Amerika ya Kati, na yeye alikuwa na sauti katika siasa za chama cha Democrat, upande ule ule ambao meya Shakspeare aliushinda mwaka 1888. Frank Romero alikuwa mpiga debe wa kata. Waitalia walikuwa wameanza kushika biashara ya matunda gatini, na kura zao zilikwenda kwa kundi ambalo mabwanyenye wa New Orleans walilichukia. Familia mbili zenye asili ya Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, akina Provenzano na akina Matranga, zilikuwa zikigombania kazi ya kupakua meli hadi kupigana risasi, na hilo silifichi: waliouawa hawakuwa wote malaika. Lakini ugomvi wa familia mbili juu ya tenda ya kupakua ndizi uligeuzwa kuwa ushahidi kwamba taifa zima la watu ni genge. Ni katika kesi hiyo ndipo neno "mafia" lilipoingia katika nyumba za Wamarekani wa kawaida.

Baada ya mazishi, usimamizi wa gati za jiji ukapewa kampuni ambayo ndani yake walikuwamo baadhi ya vinara wa umati ule. Jopo kuu la uchunguzi likakaa, likahoji, likaandika kwamba umati ulikuwa na maelfu ya raia bora kabisa wa mji, wale wanaotii sheria, na halikumshtaki hata mmoja. Kijana mmoja aliyekuwamo, John Parker, baadaye akawa gavana wa Louisiana kuanzia 1920 hadi 1924. Theodore Roosevelt, ambaye miaka kumi baadaye angekuwa rais, alimwandikia dada yake kwamba kwa maoni yake lile lilikuwa jambo zuri, na kwamba aliyasema hayo mezani mbele ya wanadiplomasia wa Kiitalia.

Sasa swali la pili: si Wazungu?

Kwa sheria, ndiyo. Mwitalia aliruhusiwa kuomba uraia, jambo ambalo Mchina alikuwa amekatazwa. Kwa maisha ya kila siku kusini mwa Marekani, jibu lilitegemea anafanya kazi gani na anakaa na nani. Msisilia maskini alishuka melini New Orleans akitokea Palermo moja kwa moja, akaenda kwenye mashamba ya miwa. Kwa nini mashamba yalimhitaji? Kwa sababu utumwa ulikuwa umekwisha mwaka 1865 na watu weusi walioachiwa huru walikuwa wameanza kudai. Novemba 1887 wafanyakazi wa miwa wapatao 10,000, wengi wao weusi, waligoma Louisiana wakiwa chini ya chama cha wafanyakazi cha Knights of Labor, wakitaka kulipwa kwa fedha taslimu badala ya vipande vya karatasi vinavyokubalika duka la mwenye shamba pekee. Wakaletewa wanamgambo, na mjini Thibodaux watu weusi wasiopungua 30 wakauawa, huenda wakafika 60. Wenye mashamba wakaona heri walete watu wa mbali. Wanaojua habari za manamba wa mkonge Tanga hawahitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Tatizo ni kwamba Wasisilia hawakukaa pale walipowekwa. Wakiisha kuvuna misimu michache walinunua kibanda, wakauza mboga, matunda, samaki. Na waliwauzia watu weusi bila kuwasimamisha nyuma ya mlango. Walikula nao, walifanya kazi nao, wengine walioana nao. Katika nchi iliyokuwa ikijenga ukuta kati ya rangi na rangi, duka lile dogo lilikuwa tundu ukutani.

Hapo ndipo Tallulah inapoingia, mji mdogo kaskazini mashariki mwa Louisiana. Mwaka 1899 walikuwapo Waitalia watano tu wa kuhesabika: ndugu watatu wa ukoo wa Difatta na wenzao wawili, wote watu wa Cefalù, Sisilia, wote wenye maduka ya vyakula. Frank Difatta alikuwa na mbuzi. Mbuzi wale walikuwa na tabia ya kupanda kibarazani kwa jirani, daktari mmoja wa Kizungu, na kulala huko. Daktari akampiga risasi mbuzi mmoja. Kukawa na maneno, kukawa na ugomvi, na daktari akajeruhiwa kwa risasi. Usiku huo, tarehe 20 Julai, watu wakakusanyika wakawanyonga wote watano, wakiwamo wawili ambao hawakushiriki katika ugomvi. Daktari akapona.

Umati unaoua watu watano kwa ajili ya mbuzi una jambo jingine moyoni. Maduka ya Waitalia yakaisha Tallulah usiku mmoja, na wenye maduka wa Kizungu wakapungukiwa na washindani. Kesi kama hizo zipo kadhaa: Hahnville mwaka 1896, watatu walitolewa gerezani wakanyongwa, Walsenburg, Colorado, mwaka 1895, wachimba makaa ya mawe, Erwin, Mississippi, mwaka 1901. Sitazipitia moja moja.

Mwalimu, ukipata kipindi kimoja tu cha dakika arobaini, acha hata New Orleans, wapeleke wanafunzi Tampa, Florida, mwaka 1910. Huko hakuna haja ya kukisia nia, kwani wauaji waliiandika.

Tampa ilikuwa mji wa sigara nene za kusokotwa kwa mkono. Vitongoji vyake vya viwanda, Ybor City na West Tampa, vilijaa Wakuba, Wahispania na Wasisilia. Wafanyakazi wale walikaa kwenye meza ndefu wakisokota tumbaku kimya, na mbele yao, juu ya jukwaa, alikaa msomaji aliyelipwa na wao wenyewe kutoka mifukoni mwao. Asubuhi aliwasomea magazeti, mchana riwaya, na katikati maandishi ya siasa za wafanyakazi. Mtu asiyejua kusoma alitoka kazini anajua kinachoendelea Barcelona na Havana. Wenye viwanda walimchukia sana msomaji.

Mji ule ulishakuwa na mazoea yake. Mwaka 1901, wafanyakazi walipogoma chini ya chama chao kilichoitwa La Resistencia, kamati ya "wananchi" iliwateka viongozi wao 13 usiku, ikawapakia melini na kwenda kuwatupa kwenye ufuko wa Honduras. Hakuna aliyeshtakiwa. Kwa hiyo mgomo mkubwa ulipoanza tena kiangazi cha 1910, maelfu wakiwa nje ya viwanda na madai makuu yakiwa kutambuliwa kwa chama chao, kila mtu Tampa alijua kamati inaweza kurudi.

Katikati ya Septemba, karani wa hesabu wa kiwanda kimoja cha West Tampa, J. Frank Esterling, alipigwa risasi mbele ya kiwanda. Tarehe 20 Septemba wakakamatwa Wasisilia wawili, Angelo Albano na Castenge Ficarotta. Jioni hiyo hiyo wakapandishwa gari la farasi, wakiwa wamefungwa pingu moja, wapelekwe gereza la wilaya. Njiani gari likasimamishwa na kundi la watu. Msaidizi wa sherifu hakupambana. Wawili hao wakakutwa wananing'inia kwenye mti mmoja, bado pingu ile moja imewaunganisha.

Ipo picha yake. Wanaonekana wamevaa nguo zao za kutokea, wamesimamishwa hewani bega kwa bega, na mmoja amebandikwa kiko mdomoni, kwa dhihaka. Kwenye nguo imepachikwa karatasi. Karatasi hiyo iliwaonya wengine wajihadhari, wasije wakapita njia hiyo hiyo. Ilisema waandishi wake wanawafahamu wengine saba, na kwamba raia yeyote akiguswa tena watakiona. Mwisho ilitiwa saini kwa neno moja: Haki. Picha ikachapwa kama kadi za posta na kuuzwa. Mtu alinunua, akabandika stempu, akampelekea jamaa yake salamu.

Serikali ya Italia ilimtuma makamu wa konseli wake wa New Orleans, Gerolamo Moroni, kwenda kuchunguza. Alirudi na jibu ambalo ningependa darasa lako lilinukuu kwenye daftari kwa maana yake: kwamba mauaji yale hayakuwa mlipuko wa hasira ya kitambo, bali yalipangwa kwa utulivu na baadhi ya raia wa West Tampa, polisi wachache wakiridhia kimya kimya, kwa nia ya kuwapa somo wagomaji wa viwanda vya sigara. Moroni hakuwa mwanaharakati. Alikuwa ofisa wa ubalozi anayeandika ripoti ya kazi.

Na kilichofuata kinathibitisha. Wiki chache baadaye kamati ya raia ikajitokeza hadharani, wanaume mamia wenye silaha wakizunguka vitongoji kwa magari, wakifunga ukumbi wa chama, wakitawanya mikutano, wakiwakamata viongozi na kuwasindikiza kazini wale waliokubali kuvunja mgomo. Januari 1911 mgomo ukafa. Chama hakikutambuliwa. Kwa wauaji wa Albano na Ficarotta hakuna aliyepelekwa mahakamani.

Kwa hiyo "nani anakandamizwa?" Jibu langu ni kwamba marehemu ndiye asiyehusika zaidi. Aliyelengwa ni yule aliyekuwa hai asubuhi iliyofuata akipita chini ya mti: mpigakura wa kata ya Waitalia, mpakuaji wa gatini, muuza duka anayemwita mteja mweusi "bwana", msokota sigara anayefikiria kuendelea na mgomo wiki ya kumi. Polisi wangeweza kuwafunga wachache. Mti mmoja uliwafunga midomo maelfu, bila gharama za kesi na bila mtu wa kuwajibika, maana umati hauna jina.

Sisemi kila mauaji ya Waitalia yalipangwa na matajiri. Aigues-Mortes, kusini mwa Ufaransa, Agosti 1893, walioua ni vibarua wa Kifaransa waliokuwa wakigombania kazi ya kuvuna chumvi na vibarua wa Kiitalia, waliowekwa pamoja na kampuni moja kwa malipo ya kipande. Wanane walikufa kwa hesabu rasmi, na washtakiwa wote wakaachiwa na mahakama ya Angoulême. Kule hakuna mwenye shamba aliyeshika rungu. Lakini kampuni ilibaki na vibarua wawili wanaochukiana, badala ya chama kimoja cha vibarua.

Jambo moja uwe makini nalo, mwalimu, maana siku hizi lipo kundi linalozitumia habari hizi vibaya, likisema "hata sisi tuliteswa, basi watu weusi wanyamaze." Hesabu za Taasisi ya Tuskegee, chuo cha watu weusi kilichokuwa kikihesabu mauaji haya, kuanzia 1882 hadi 1968, zinataja watu 4,743 waliouawa na umati Marekani, na kati yao 3,446 ni weusi. Waitalia wamo katika idadi iliyobaki, na wanahesabika kwa makumi. Chombo kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mweusi. Waitalia waliguswa nacho pale walipokaribia upande wake, au walipoanza kugoma kama yeye alivyogoma.

Tofauti nyingine ni kwamba Mwitalia alikuwa na balozi. Baada ya New Orleans, Italia ilimrudisha nyumbani mwakilishi wake, Baron Fava, na kwa muda watu wakazungumzia hata vita. Rais Benjamin Harrison akaliita tukio lile kosa dhidi ya sheria na ubinadamu, akaliomba Bunge liipe serikali kuu mamlaka ya kushtaki wanaoua raia wa kigeni. Bunge halikufanya hivyo. Mwaka 1892 Marekani ikalipa takriban dola 25,000. Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyetumia maisha yake kuhesabu mauaji haya, aliishika hoja hiyo vizuri sana: serikali inayowalipa Italia na China fidia kwa watu wao, halafu ikasema haina uwezo wa kuwalinda raia wake yenyewe, inajivua nguo. Sheria ya serikali kuu dhidi ya mauaji ya umati ilisainiwa Machi 2022. Kuhusu wale 11, meya wa New Orleans aliomba radhi rasmi Aprili 2019.

Wanafunzi watakuuliza pia ilikwishaje kwa Waitalia. Haikukoma kwa huruma. Njia nyingine zilipatikana ambazo hazikuhitaji kamba. Mwaka 1919 na 1920 serikali iliwasomba wageni waliotuhumiwa kwa siasa kali na kuwafukuza nchini. Kisha ikaja sheria ya uhamiaji ya 1924, iliyoweka kiwango kwa kila taifa kwa asilimia mbili ya watu wake waliokuwamo Marekani katika sensa ya 1890. Sensa ya 1920 ilikuwapo tayari, imekwisha chapwa. Wakachagua ya 1890 kwa sababu ilifanyika kabla Waitalia wengi hawajaja. Mwaka 1907 pekee walikuwa wameingia zaidi ya 280,000. Kwa sheria mpya kiwango chao kikawa 3,845 kwa mwaka.